Uturuki iko upande gani? Jibu kwa muuza nguo wa Kariakoo

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza nguo Kariakoo na mzigo wangu naufuata Istanbul. Kila nikienda nakuta Warusi wamejaa, na huku nasikia Uturuki inawauzia Waukraine droni za kuwapigia Warusi hao hao. Ni mwanachama wa NATO, halafu ikaenda kununua makombora Moscow. Somalia ina kambi ya jeshi, hapa kwetu wametujengea reli. Mume wangu anasema hawa ni vigeugeu na siku moja watakosa huku na huku. Nchi hii ina nguvu kweli au ni maneno matupu? Na kwa nini lira inashuka kila siku lakini mzigo unapanda bei?"

Marahaba, mwanangu. Msalimie mumeo, umwambie namwelewa ila simuungi mkono. Kigeugeu hubadilika kwa sababu hajui anataka nini. Ankara, yaani serikali ya Uturuki, inajua vizuri sana inachotaka: kila mkubwa mwenye shughuli katika ukanda ule alazimike kubisha hodi kwake kwanza. Hilo ndilo linalounganisha droni za Kyiv, makombora ya Moscow na kambi ya Mogadishu. Wewe wa Kariakoo utanielewa upesi. Fremu ya kona kodi yake ni kali na vumbi la barabara mbili linaingia ndani, lakini wateja wa mitaa yote miwili hawana namna, lazima wapite mlangoni pake. La kuuliza ni kama mwenye fremu anabaki na faida akishalipa kodi. Zipo biashara alizopiga vizuri sana, na zipo zilizomtokea puani.

Safari ijayo, ukimaliza kufungasha mzigo pale Laleli, teremka mpaka ufukweni Kumkapı uangalie baharini. Zile meli zilizotia nanga kwenye bahari ya Marmara, nyingi zinasubiri zamu ya kupita Bosporus, mlango mwembamba wa bahari unaolikata jiji la Istanbul katikati. Meli ya kutoka Bahari Nyeusi kwenda bahari kuu haina njia nyingine. Ngano ya Ukraine, mafuta ya Urusi na Kazakhstan, manowari za huyu na za yule, vyote hupita hapo. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 uliikabidhi Uturuki funguo. Wakati wa amani meli za biashara hupita bila kizuizi, na manowari za nchi zisizopakana na Bahari Nyeusi hubanwa kwa uzito na haziruhusiwi kukaa humo zaidi ya siku 21. Vita ikizuka, Uturuki huzifungia mlango manowari za wanaopigana, isipokuwa zile zinazorudi kwenye bandari zao za kudumu.

Sasa angalia ilivyozitumia funguo hizo. Urusi iliivamia Ukraine Februari 24, 2022. Kabla mwezi haujaisha, Ankara ikatangaza kwamba hali ile kisheria ni vita, na mlango ukafungwa. Aprili mwaka huo Warusi walipoipoteza Moskva, meli kiongozi ya kikosi chao cha Bahari Nyeusi, hawakuweza kuleta nyingine ya aina yake kutoka vikosi vyao vya Kaskazini au Pasifiki. Waukraine wakashukuru. Ila Uturuki iliziambia nchi zote, na washirika wake wa NATO wakiwemo, kwamba nazo zisijaribu kupeleka manowari zao kule. Moscow nayo ikapumua. Hatua ile ile moja ilimuuma na kumtuliza kila mmoja, na hakuna aliyeweza kulalamika kwa sauti, maana kilichotumika ni mkataba wa miaka zaidi ya 80.

Kilichofuata kilitugusa hata sisi tusiojua Odesa iko wapi. Bandari za Ukraine zilifungika, bei ya ngano ikaruka duniani, na nchi zetu zinazoagiza ngano kutoka Urusi na Ukraine zikaisikia kwenye unga wa chapati. Julai 22, 2022, katika kasri la Dolmabahçe mjini Istanbul, mikataba miwili pacha ilitiwa saini: mmoja wa Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa, mwingine wa Urusi, Uturuki na Umoja wa Mataifa. Ilikuwa miwili kwa sababu Warusi na Waukraine hawakukubali kuweka saini kwenye karatasi moja. Kikafunguliwa kituo cha pamoja Istanbul, na wakaguzi wa pande nne, yaani Warusi, Waukraine, Waturuki na watu wa Umoja wa Mataifa, wakawa wanapanda pamoja kwenye meli zikiwa zimetia nanga hapo Istanbul, kuhakikisha hakuna silaha iliyofichwa. Waza maafisa wa nchi mbili zinazouana wakipanda ngazi moja ya kamba kuhesabu shehena ya mahindi. Meli ya kwanza iliyokodiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, Brave Commander, ilitoka Agosti 2022 na tani 23,000 za ngano kwenda Djibouti, kwa ajili ya Ethiopia.

Mwisho wa Oktoba Urusi ikasusa. Rais Erdoğan wa Uturuki akapiga simu kwa Putin, na baada ya siku chache Urusi ikarudi. Mpango ule ulipokufa Julai 2023, kwa Putin kukataa kuongeza muda, karibu tani milioni 33 za nafaka zilikuwa zimeshatoka. Kwangu mimi huu ndio mfano bora wa kazi ya dola la kati, yaani nchi yenye nguvu za wastani. Uturuki haikuwa na uwezo wa kusimamisha vita wala kumlazimisha Putin aendelee pale alipochoka. Ila kwa mwaka mzima ilifanya jambo ambalo Washington, Beijing na Brussels zisingeweza, kwa sababu yenyewe peke yake ilikuwa inaaminiwa nusunusu na wote wawili. Na iliaminiwa kwa sababu ya kile mumeo anachokiita ukigeugeu. Ilikataa kuiwekea Urusi vikwazo, ikaendelea kununua gesi yake, ikawaacha Warusi wa kampuni ya Rosatom waendelee kuijengea kinu cha nyuklia pale Akkuyu, na papo hapo ikawauzia Waukraine droni.

Tabia hii haikuanza na Erdoğan. Katika Vita Kuu ya Pili Uturuki ilikaa pembeni hadi Februari 1945, ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani wakati Ujerumani imeshakwisha. Iliingia NATO mwaka 1952 kwa sababu Stalin alikuwa anaitolea macho milango yake ya bahari, si kwa mapenzi ya Magharibi. Mwaka 1974 ikaingiza jeshi Cyprus, Marekani ikaikatia silaha, na mwaka uliofuata Waturuki wakaanzisha Aselsan, kampuni ya vifaa vya elektroniki vya jeshi, ili yasiwakute tena. Na Machi 1, 2003, Marekani ilipoomba kupitisha wanajeshi wake kwenda Iraq, bunge la Ankara lilipiga kura: 264 ndiyo, 250 hapana, 19 wakajizuia. Waliosema ndiyo walikuwa wengi, lakini katiba ilidai zaidi ya nusu ya wabunge waliohudhuria, na hawakufika. Marekani ikabaki na meli zake zenye vifaru hazina pa kushusha. Nakutajia hili kwa sababu watu wengi wanadhani kila kitu kule ni hasira za mtu mmoja.

Tuje kwenye droni. Bayraktar TB2 ina mabawa ya mita 12, hukaa angani zaidi ya saa 20 na hubeba mabomu madogo yasiyozidi kilo 150 kwa jumla. Kwa vipimo vya Marekani ni kadogo. Iliuzika kwa sababu bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya droni za Marekani, na muuzaji hana masharti marefu kuhusu utaitumia wapi. Ilionekana Libya, Syria, kisha Nagorno-Karabakh, eneo walilopigania Azerbaijan na Waarmenia, mwaka 2020, na baadaye katika vita vya ndani vya Ethiopia. Nchi maskini zikaona kwamba zinaweza kuwa na jeshi la anga bila kuwa na jeshi la anga. Kwa Ankara kila mauzo ni uhusiano wa miaka: marubani wanafunzwa Uturuki, vipuri vinatoka Uturuki, na rais mnunuzi anajua namba ya simu ya kupiga.

Lakini fungua tumbo la droni hiyo uone. Kamera yake ilikuwa ya Canada na injini ya kampuni ya Austria. Baada ya Karabakh Canada ikafuta vibali vya kuuza kamera zile, na Aselsan ikalazimika kuharakisha ya kwake. Ndege mpya ya kivita wanayojivunia, Kaan, iliruka mara ya kwanza Februari 2024 ikiwa na injini za Marekani. Hapo ndipo penye tofauti kati ya dola kubwa na dola la kati: la kati linaweza kutengeneza kitu chake lenyewe, ila ukifunua ndani unakuta kipande ambacho mtu mwingine akikinyima kazi inasimama.

Hii inanipeleka kwenye makombora ya Moscow, ambayo nayahesabu kuwa biashara mbovu kuliko zote alizofanya Erdoğan nje ya nchi. Mfumo wa S-400 wa kutungulia ndege ulisainiwa mwaka 2017 na kuwasili Julai 2019. Mwezi huo huo Marekani ikaiondoa Uturuki kwenye mradi wa ndege za F-35, wakati Waturuki walikuwa wanunuzi na pia watengenezaji wa mamia ya vipuri vya ndege hiyo. Desemba 2020 vikaja vikwazo juu ya idara yao ya ununuzi wa silaha. Na S-400 yenyewe? Imekaa tu, haikuunganishwa kwenye ulinzi wa NATO wala haikutumika vitani. Walilipa mabilioni ya dola wakapoteza ndege za kisasa kuliko zote katika soko lao. Wapo wanaosema ilikuwa bei ya uhuru. Mimi naona ilikuwa hasira ya baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 15, 2016, Erdoğan alipoona Putin kampigia simu mapema kuliko marafiki zake wa Magharibi.

Kwa Sweden alicheza vizuri zaidi. NATO haimwingizi mwanachama mpya mpaka wote wakubali. Sweden na Finland zilipoomba Mei 2022, Uturuki ikaweka mguu mlangoni: Sweden inawahifadhi watu wa PKK, kundi la Wakurdi lililokuwa likipigana na Uturuki, Sweden imezuia kutuuzia silaha. Finland ilipita Aprili 2023. Sweden ilisubiri mpaka imekaza sheria zake za ugaidi na kuondoa zuio la silaha. Bunge la Uturuki likaridhia Januari 23, 2024, na siku chache baadaye Washington ikaidhinisha mauzo ya ndege 40 za F-16 na vifaa vya kuboreshea za zamani, thamani ya dola bilioni 23. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba hili ni badala ya lile. Ila huhitaji kuambiwa.

Sasa Somalia, maana ndiko Uturuki ilikojifunza Afrika. Agosti 2011 njaa ilikuwa inaua watu Mogadishu, mji ambao mabalozi wengi walikuwa wakiuhudumia wakiwa Nairobi. Erdoğan akatua pale na mkewe na mawaziri wake, kiongozi wa kwanza kutoka nje ya Afrika kufika katika karibu miongo miwili. Mashirika ya Kituruki yakafuata, na muhimu zaidi yakaishi ndani ya mji wenyewe. Machi 2012 Turkish Airlines ikaanza safari za Mogadishu. Kampuni za Kituruki zikachukua kuendesha uwanja wa ndege na bandari. Hospitali kubwa ikafunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Erdoğan. Septemba 2017 ikaja kambi ya TURKSOM, kubwa kuliko kambi zao nyingine za mafunzo nje ya nchi, ambako kikosi cha Gorgor cha jeshi la Somalia hufunzwa, na amri zinatolewa kwa Kituruki.

Wasomali niliozungumza nao Nairobi na Dar wanagawanyika. Wapo wanaokwambia kwamba Waturuki walikuja wakati kila mtu ametukimbia, na hilo halina mjadala. Wengine wanahesabu: bandari wanayo wao, uwanja wa ndege wao, jeshi wamelifunza wao, na sasa bahari. Februari 2024 ulisainiwa mkataba wa miaka kumi wa ulinzi, unaoihusu Uturuki na ulinzi wa bahari ya Somalia. Mwezi uliofuata mkataba wa mafuta na gesi, na Oktoba meli ya utafiti Oruç Reis ikafika. Masharti ya mkataba wa mafuta yalipojulikana yalizua kelele miongoni mwa Wasomali wenyewe, na sikushangaa. Msaada wa mwaka 2011 ulikuwa wa kweli, na wakati huo huo ulikuwa mbegu.

Matunda mengine ya mbegu hiyo yametufaa majirani. Januari 1, 2024 Ethiopia ilisaini makubaliano na Somaliland kuhusu kupata mlango wa bahari, Mogadishu ikawaka, na ukanda mzima ukaanza kuingiwa na hofu ya vita. Waturuki walikuwa na droni zao Addis Ababa na kambi yao Mogadishu, kwa hiyo Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia wote walikuwa na sababu ya kuwasikiliza. Desemba 11, 2024 wakatoa Azimio la Ankara na joto likashuka. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, ipo, Umoja wa Afrika upo, na makao yake yako Addis penyewe, lakini suluhu ikapatikana Ankara. Mimi kama Mwafrika wa Mashariki hilo linanikera kuliko linavyonifurahisha, na lawama siwapi Waturuki.

Wengi hupenda kusema huu ni ufufuo wa himaya ya Waosmani. Ni kweli wanasiasa wao hupenda kuitaja historia hiyo, na ni kweli mwaka 1589 nahodha wao Ali Bey alikamatwa na Wareno hapa Mombasa, miaka minne kabla Fort Jesus haijaanza kujengwa. Ila himaya haijengwi kwa makandarasi. Mwaka 2002 Uturuki ilikuwa na balozi 12 tu Afrika. Leo ziko zaidi ya 40. Aliyesukuma ongezeko hilo ni mfanyabiashara wa kiwango cha kati kutoka miji kama Konya na Gaziantep, aliyechoka kusubiri Umoja wa Ulaya. Mazungumzo ya kujiunga na Umoja huo yalifunguliwa Oktoba 2005 na kwa miaka mingi sasa yamelala fofofo. Mlango wa Ulaya ulipogoma kufunguka, wakaja kwetu.

Reli yetu inaonyesha vizuri wanakuja na nini na hawaji na nini. Yapı Merkezi ilipata kipande cha Dar hadi Morogoro mwaka 2017 pamoja na Mota-Engil ya Ureno, kisha Morogoro hadi Makutupora peke yake. Abiria walianza kusafiri Juni 2024, na Agosti 1 Rais Samia akazindua rasmi huduma hadi Dodoma. Ukiuliza fedha zilitoka wapi utashangaa. Sehemu ilikuwa ya serikali yetu, na mkopo mkubwa wa mwaka 2020, dola bilioni 1.46, uliratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa dhamana za taasisi za mikopo za Denmark na Sweden. Treni za umeme ni za Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mchina alipojenga ya Mombasa hadi Nairobi alikuja na mkandarasi mkono wa kulia na Benki ya Exim mkono wa kushoto. Mturuki huja na mkandarasi, bei nzuri na watu wanaokimbia na kazi. Benki ni juu yako. Uganda imeingia njia hiyo hiyo. Baada ya kuachana na mkandarasi wa Kichina aliyekosa fedha za China, Oktoba 2024 ilisaini na Yapı Merkezi kujenga Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7, na kutafuta fedha kumebaki kazi ya Kampala. Kuna uhuru katika mpango huo, kwa sababu mjenzi si mdeni wako. Ila bajeti ikikwama, na reli inakwama.

Kuna upande mwingine ambao watu hawapendi kuuzungumza kwenye dhifa za kibalozi. Tangu jaribio la mapinduzi la 2016, Ankara imewasaka wafuasi wa Fethullah Gülen, shehe iliyemlaumu kwa jaribio hilo, popote walipo, Afrika ikiwemo. Shule zao nyingi katika bara hili zimehamishiwa kwenye taasisi ya serikali iitwayo Maarif. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliosajiliwa kama wakimbizi walichukuliwa Nairobi na kurudishwa Uturuki, na serikali ya Kenya ikakiri kwamba ilifanya hivyo kwa ombi la Ankara. Urafiki wa droni, barabara na ndege una bei, na safari hii waliolipa ni watu waliokimbilia kwetu wakidhani wako salama.

Na nguvu? Watu milioni 85, uchumi uliovuka dola trilioni moja, jeshi la pili kwa ukubwa ndani ya NATO baada ya Marekani. Kwenye Baraza la Usalama hawana kura ya turufu, ndiyo maana Erdoğan hachoki kurudia kwamba dunia ni kubwa kuliko watano, yaani wale wanachama wa kudumu wenye kura hiyo. Hizo ni nguvu za kweli. Ila udhaifu wake mkubwa upo hapo unapobadilishia fedha zako.

Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa lira saba na ushee. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa lira 35. Erdoğan alikuwa anaamini kwamba riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko wa bei, kinyume na wachumi karibu wote, akawa anafukuza magavana wa benki kuu wasiokubaliana naye. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 85 kwa takwimu za serikali yenyewe. Sasa tazama ilivyoibadilisha sera ya nje. Falme za Kiarabu, ambazo vyombo vya habari vya Uturuki vilikuwa vinazihusisha na mapinduzi ya 2016, Novemba 2021 zikapokewa Ankara kwa mazulia na zikaahidi mfuko wa uwekezaji wa dola bilioni 10. Mwandishi Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia Istanbul Oktoba 2, 2018, na Erdoğan alisema wazi kwamba amri ilitoka ngazi za juu kabisa za serikali ya Saudia. Aprili 2022 mahakama ya Istanbul ikaihamishia kesi ya watuhumiwa 26 Saudia, na mwisho wa mwezi huo huo Erdoğan akawa Jeddah. Machi 2023 Wasaudia wakaweka dola bilioni 5 katika benki kuu ya Uturuki. Nchi iliyoweza kumgomea Marekani mwaka 2003 na kumfungia Putin mlango mwaka 2022 ilipindishwa mkono na salio lake la benki. Kama unatafuta mahali ambapo mumeo ana haki, ni hapa.

Baada ya uchaguzi wa 2023 wakarudi kwenye uchumi wa kawaida. Riba ikapandishwa kutoka asilimia 8.5 hadi 50 ifikapo Machi 2024. Lira ikaendelea kushuka, lakini taratibu kuliko bei za ndani zilivyokuwa zinapanda, na hapo ndipo ulipoumia wewe. Mwenye kiwanda analipa umeme, kodi ya jengo na mishahara inayopanda kwa kasi, halafu wewe unamletea dola ambayo haijapanda kwa kiasi hicho. Anachofanya ni kuongeza bei ya dola kwenye blauzi. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa lira 22,104 Januari 2025, ambazo siku hiyo zilizidi dola 600. Misri mwaka huo kima cha chini kilikuwa pauni 7,000, chini ya dola 150.

Ndiyo maana viwanda vingi vya nguo vya Waturuki vimehamia Misri. Jambo hilo lisingekuwa rahisi miaka michache nyuma: Ankara na Cairo zilikuwa hazisemezani tangu Jenerali Sisi alipompindua Rais Morsi wa Misri mwaka 2013, na Erdoğan aliapa hatazungumza naye. Julai 2023 wakarudishiana mabalozi, Februari 2024 Erdoğan akaenda Cairo, Septemba Sisi akaja Ankara. Kwa hiyo wenzako wakikwambia wameanza kufuata mzigo Misri, usikimbilie kuacha Laleli kabla hujauliza kiwanda ni cha nani. Huenda ni Mturuki yule yule, kitambaa kile kile, ila mshonaji ni Mmisri na bei imepungua. Kwa mzigo wa jumla wa kila siku ningejaribu Cairo. Kwa mitindo mipya inayobadilika kila mwezi ningebaki Istanbul, kwa sababu wabunifu na mafundi wa sampuli bado wako kule.